Nafuu si Kupona

Kiswahili, ndugu wasomaji, kinatofautisha kupata nafuu na kupona. Mgonjwa akiulizwa hali akajibu, "Nina nafuu, alhamdulillahi," hakuna Mswahili anayeondoka pale akidhani ameambiwa kuwa mtu yule amepona. Mwenye nafuu bado analetewa uji chumbani. Aliyepona anatumwa dukani. Swali tunalotaka kulileta mbele yenu ni hili: mtu aliyekuwa hawezi kupumua, kisha akaweza, lakini bado hajapona, je, pumzi ile ni mali yake aitumie apendavyo, au kuna wengine wenye haki ndani yake?

Swali hili halikututoka vitabuni. Lilimfika mwenzetu mmoja hapa hapa Washington na vitongoji vyake, na sisi tuliokuwa karibu naye tuligawanyika sana kuhusu jibu, mpaka wengine wakawa hawasalimiani vizuri kwenye harusi. Ameturuhusu kulieleza ilimradi jina lake tuliache.

Ni mtu wa Tanga. Mwaka 2010 alikuwa akiendesha teksi ya uwanja wa ndege na akiishi orofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, upande wa Maryland, si mbali na Langley Park. Kikohozi kilimwanza majira ya kuchipua, na kila aliyemsikia alikuwa na maelezo yake. Mnaijua ile chavua ya njano inayofunika magari yetu mwezi wa Aprili. Basi wote tukasema ni chavua. Chavua ikaisha, kikohozi kikabaki. Tukahamia kwenye kiyoyozi cha gari. Zahanati moja ikampa antibayotiki, akapata afadhali kwa wiki mbili, kisha mambo yakarudi palepale. Bima hakuwa nayo, na wabeba maboksi wote mnajua kwamba siku ya daktari ni siku isiyolipwa. Kufika Septemba alikuwa akipanda ngazi za nyumbani kwake kwa vituo. Kila orofa alisimama, akaegemea ukuta, akajifanya anatafuta ufunguo mfukoni ili majirani wasimuulize kitu. Usiku jasho, mchana suruali zinamlegea. Mwezi wa Oktoba alishindwa kumaliza zamu, akapelekwa hospitali, na picha ya kifua ikaonyesha shimo kwenye pafu la kulia, sehemu ya juu. Makohozi yakathibitisha: kifua kikuu.

Kabla hatujaendelea, tulitaje hili la aibu tuliondoe njiani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya wanadamu wote wameshawahi kuambukizwa vijidudu vya TB. Wengi hawataugua kamwe. Katika kila watu 100 walioambukizwa, ni kati ya 5 na 10 tu watakaougua maishani mwao. Kijidudu kinaweza kulala miaka 20 kifuani na kuamka mtu anapozeeka, anapopata kisukari, anapokonda kwa shida. Picha ya kifua tuliyopigwa wakati wa kuomba viza haimwoni aliyelala. Ndiyo maana hapa Marekani takriban wagonjwa watatu kati ya wanne wa TB ni watu waliozaliwa nje ya nchi hii. Hakuna aliyeibeba kwa makusudi, na anayedhani kwamba yeye hanayo, ajiulize alilala chumba kimoja na wangapi siku za bweni.

Matibabu yalikuwa ya idara ya afya ya kaunti. Hakulipa kitu, wala hakuulizwa karatasi zake za uhamiaji. Dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza, yaani isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli, kisha mbili kwa miezi minne. Mkojo ukageuka rangi ya Fanta, tukamtania. Na kila siku ya kazi alikuja muuguzi, mama mmoja wa Sierra Leone, akagonga mlango, akasimama na kumtazama akimeza.

Wiki ya tatu alitupigia simu tukiwa kazini. Alisema, "Nimepanda mpaka juu bila kusimama." Kisha akanyamaza, akawa anapumua tu kwenye simu ili tumsikie. Sisi tunaomjua hatukuwahi kumsikia akifurahi vile, hata siku alipopata kadi ya ukaazi.

Siku nne baadaye dada yake alipiga kutoka Tanga. Mama yao amelala, hali si nzuri, na anamuulizia.

Hapo ndipo swali lilipokuja na uzito wake wote. Kifua chake kilikuwa chepesi, miguu ina nguvu, nauli watu walikuwa tayari kuichanga. Lakini kwa taratibu za wakati ule mgonjwa wa TB ya mapafu hakuhesabiwa kuwa salama kwa wengine mpaka awe ametumia dawa walau wiki mbili, hali yake iwe imetengenea, na makohozi yake yapimwe mara tatu mfululizo bila kuonekana vijidudu. Mawili ya kwanza alikuwa nayo. Makohozi yake yalipimwa mara tatu, na moja kati ya hayo matatu bado lilikuwa na vijidudu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu TB na usafiri wa ndege, toleo la mwaka 2008, ulisema mtu wa namna hiyo asipande ndege, na ulihesabu kuwa hatari ni hasa kwa safari ya saa 8 na zaidi. Kutoka Dulles hadi Dar es Salaam hakuna njia iliyo pungufu ya hapo. Muuguzi alimwambia kwa upole, lakini alimwambia.

Wazee wawili wa jamii yetu, watu wenye heshima, walimshauri aende. Mama ni mmoja, walisema. Mtu anayepanda orofa tatu bila kuhema si mgonjwa. Daktari anatazama karatasi, wewe unatazama kifua chako. Mmoja akapendekeza atokee New York, ambako hawamjui. Msiwacheke. Walikuwa wakisema jambo ambalo kila mmoja wetu analiamini katika mambo mengine yote, kwamba mwenye mwili ndiye anayeujua mwili. Na walikuwa wakitetea haki ya mzazi, ambayo kwetu haiko chini ya haki nyingine yoyote ya kibinadamu.

Wengine walimkumbusha yule wakili wa Atlanta aliyeruka kwenda Ulaya kwa harusi yake mwaka 2007 akiwa na TB iliyodhaniwa kuwa ile isiyosikia dawa karibu zote. Alirudi kupitia Canada kwa gari, na serikali ya Marekani ikatoa amri ya kumtenga, amri ya kwanza ya namna hiyo tangu mwaka 1963. Mwezi wa Juni mwaka huohuo ikaanzishwa orodha ya watu wasioruhusiwa kupanda ndege kwa sababu za afya ya jamii. Baadaye ilibainika kuwa TB yake haikuwa kali kiasi kile. Lakini mfano huu tuliuona haufai. Unamtisha mtu kwa sheria, na swali letu halikuwa la sheria. Mwenzetu hakuwa na askari mlangoni. Angetaka, angeondoka. Swali lilikuwa: je, ana haki?

Sisi tunaoandika haya tulisomea uhandisi wa mitambo nchini India, na kwa miaka mingi kazi yetu katika jiji hili imekuwa kupitisha hewa kwenye majengo ya watu. Si madaktari. Lakini tulitaka kuelewa kwa nini kifua kinaweza kusema "nzima" wakati makohozi yanasema "bado", na tulichokielewa ndicho kilichotutoa upande wa wale wazee.

Kijidudu cha TB ni mvivu. Baadhi ya bakteria wa tumboni huweza kujigawa kila baada ya dakika 20. Huyu huchukua karibu saa 20. Dawa hizi huua kwanza wale wanaojigawa kwa bidii, na hao ndio wengi, na ndio wanaochochea homa, uvimbe na makohozi. Wakifa hao, uvimbe unapungua, njia za hewa zinafunguka, hamu ya chakula inarudi, na mtu anapanda ngazi. Nafuu ile ni ya kweli kabisa. Lakini wamebaki wachache waliolala ndani ya tishu iliyokufa, wasiojigawa, na dawa nyingi humpata kijidudu pale tu anapofanya kazi. Kuwamaliza hao ndiko kunakochukua miezi. Na kuna hesabu nyingine: takriban kijidudu kimoja katika milioni huzaliwa kikiwa tayari hakisikii isoniazidi, na kimoja katika milioni 100 hakisikii rifampisini. Shimo moja la pafuni linaweza kuwa na vijidudu milioni 100 na zaidi. Ukitumia dawa moja, au ukiacha katikati, unawachagua wale wakaidi na kuwaachia shamba. Ndiyo sababu ya dawa nne kwa pamoja, na ndiyo sababu ya kuzimaliza.

Lililotugusa zaidi lilitoka kwetu. Kabla ya miaka ya 1970 matibabu ya TB yalichukua miezi 18 na zaidi. Mwaka 1970 mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na ya Uingereza yalianza jaribio katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia: je, miezi sita inatosha? Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Wagonjwa waligawanywa makundi, wote wakapata streptomisini na isoniazidi, baadhi wakaongezewa rifampisini, wengine pirazinamidi, wengine dawa ya zamani ya thiasetazoni, wengine hawakuongezewa kitu. Baada ya miezi sita karibu wote, wa makundi yote, walionekana wamepona. Walikuwa wanapumua, wamenenepa, makohozi safi. Halafu wakafuatiliwa. Katika kundi la rifampisini waliougua tena walikuwa kama 3 katika 100. Katika kundi lisiloongezewa kitu, zaidi ya robo.

Tafakarini jambo hilo. Siku ya kutoka hospitali watu wale wote walikuwa na kifua kimoja kwa hisia. Hakuna hata mmoja ambaye angeweza kujiweka mkono kifuani akajua yumo kundi gani. Kwa hiyo hoja ya wazee wetu, kwamba mwenye mwili anaujua mwili, ilishajibiwa na miili ya Waafrika Mashariki wenyewe, watu ambao majina yao hayamo kwenye chapisho lolote. Tiba ya miezi sita anayopewa mgonjwa wa Maryland na wa Mwanza imesimama juu yao. Siku hizi kuna hata tiba ya miezi minne kwa baadhi ya wagonjwa, na tangu mwaka 2022 ipo ya miezi sita kwa TB sugu, lakini mlango ulifunguliwa pale.

Tulipomweleza mwenzetu haya alisikiliza, kisha akauliza jambo ambalo hatukulitegemea. Alikubali kumaliza dawa. Hilo halikuwa na ubishi kwake. Alichotaka kujua ni kwa nini asimezee dawa zake Tanga, kando ya kitanda cha mama yake. Tanga kuna hospitali, kuna muuguzi. Na kweli, huyo mama wa Sierra Leone aliyekuwa akigonga mlango wake kila asubuhi alikuwa anafuata mtindo ambao kwa sehemu kubwa ulikomazwa Tanzania. Mwaka 1977 daktari Karel Styblo na wenzake wa Tanzania walianzisha mpango wa taifa wa TB na ukoma, ambao Shirika la Afya Duniani liliutumia miaka ya 1990 kama kielelezo cha kuufundisha ulimwengu. Mgonjwa asimamiwe, aandikwe, asipotee. Kwa hiyo swali lake lilikuwa la haki. Kilichokuwa kati yake na Tanga hakikuwa dawa. Kilikuwa ndege, saa nane na zaidi, na watu waliokaa jirani bila kuombwa ridhaa.

Kuhusu kusimamiwa, yeye hakulipenda. "Mtu mzima natazamwa nikimeza kama mtoto wa chekechea," alilalamika. Baadhi yetu tulimuunga mkono. Tuliona ni dharau, na kwamba mtu mweusi mgeni katika nchi hii ametazamwa vya kutosha. Lakini kazini kwetu hatuoni dharau fundi wa pili anapokagua vali iliyofungwa na wa kwanza. Rubani mwenye saa elfu kumi angani bado anasomewa orodha na mwenzake. Na mwenzetu mwenyewe, kufika wiki ya tano, alikuwa anamwekea yule mama chai ya mkandaa. Alituambia kwamba asubuhi ambazo hakutaka kabisa kuzitazama dawa, hakulazimika kubishana na nafsi yake. Mlango uligongwa, basi.

Tusisahau na jamii, maana hapo ndipo tuna neno. Habari zilipovuja, watu walianza kumtengea kikombe. Mwenyeji mmoja alikitupa kabisa baada ya yeye kuondoka. Wengine walinong'ona kuhusu UKIMWI. Sasa, TB haikai kwenye kikombe, wala kwenye sahani, wala haishikwi kwa mkono. Inakaa hewani. Na watu walewale waliokuwa wanaogopa kikombe walikuwa wakikutana kila Ijumaa usiku kwenye besimenti ya nyumba moja kucheza karata, watu 20, madirisha yamefungwa kwa baridi, hita inanguruma, na wawili watatu kati yao wanakohoa "chavua" mwezi wa Disemba.

Ruhusuni mhandisi apige hesabu kidogo. Chumba cha hospitali cha kumtenga mgonjwa wa TB hubadilishiwa hewa mara 12 kwa saa; kwa kasi hiyo, asilimia 99 ya vilivyomo hewani huondoka kwa dakika 23 hivi. Ikiwa ni mara 6 kwa saa, dakika 46. Besimenti ile, tukiikadiria theluthi moja ya hewa yake ikibadilishwa kila saa, ingehitaji karibu saa 14. Fungua madirisha mawili yanayotazamana na hesabu yote inabadilika. Nyanya zetu, waliojenga na kuacha nafasi kati ya ukuta na paa la makuti, hawakuwa wajinga wa mambo haya.

Na ushahidi wenyewe umetoka jirani yetu, Baltimore. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, William Wells na Richard Riley walitumia wodi ya wagonjwa wa TB katika hospitali ya maveterani ya mji huo. Hewa ya vyumba vya wagonjwa ilivutwa kwa mabomba hadi juu ya paa, kwenye chumba chenye simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara. Hawakumgusa mgonjwa, hawakula chakula chake; walivuta hewa yake tu. Wakaugua. Chumba cha pili kilipata hewa ileile lakini imepitishwa kwanza kwenye taa za urujuanimno, na simbilisi wa huko hawakuugua. Mpaka leo wahandisi wa hewa tunaifundishana kazi ile. Ndani yake kulikuwa na jambo la tatu ambalo halikusikilizwa sana kwa miaka mingi: wagonjwa waliokwisha kuanza dawa zinazowafaa karibu hawakuambukiza. Tutalirudia hili, kwa sababu ndilo linalouma.

Kabla ya dawa, jiji la Washington lilikuwa likiwapeleka wagonjwa wake wa TB nje ya mji, Glenn Dale, katika kaunti ya Prince George's. Hospitali ya watoto ilifunguliwa mwaka 1934, ya watu wazima ikafuata, na majengo yakafungwa mwaka 1981. Yapo bado, matofali mekundu, madirisha yamevunjika, na ile njia ya baiskeli ya WB&A inapita karibu. Tumepita pale mara nyingi. Watu walilala miezi, wengine miaka, dawa yao ikiwa kupumzika, na Kiswahili kina haki kuliunganisha neno hilo na pumzi. Ukipita pale unajiuliza ni wangapi waliitwa na mama zao.

Mwenzetu hakwenda. Alikaa mezani kwake orofa ya tatu na kila jioni ya huku, ambayo ni usiku wa manane kule, dada yake aliweka simu sikioni mwa mama. Mama alimuuliza mara moja tu anakuja lini. Hakumwambia ana ugonjwa gani. Alimwambia daktari amemkataza kusafiri. Mama akamwambia amsikilize daktari. Alifariki wiki ya sita ya matibabu, akazikwa siku ileile kama desturi. Wiki iliyofuata makohozi yakatoka safi mara tatu.

Khitma tuliifanya nje, uani kwa mtu, mwishoni mwa Novemba, kwenye baridi. Mwenye nyumba alisema ndani kuna nafasi, lakini mfiwa alikataa kuingia, na sisi hatukuweza kumwacha peke yake uani. Watu wakavaa makoti na blanketi, wakaleta majiko ya mkaa ya kuchomea nyama wayawashe kama moto wa kijijini. Wale wazee wawili walikuja wa kwanza. Mmoja wao alikaa karibu naye kuliko sote, hakusema neno, na alipoletewa kahawa alikunywa na kumpa kikombe kilekile.

Ikabaki hiyo ya tatu. Mwaka 2024 wataalamu wa kudhibiti TB wa Marekani walitoa mwongozo mpya. Kwa ufupi, unasema wagonjwa wengi wanaotumia dawa zinazowafaa hawaambukizi tena baada ya siku tano hivi, na kwamba kuwafungia watu majumbani kwa wiki nyingi kumewaumiza bila faida inayolingana. Yaani walikubali hatimaye kile ambacho simbilisi wa Baltimore walikuwa wameonyesha zaidi ya miaka 60 nyuma. Mambo ya ndege ya masafa marefu yana tahadhari zake zaidi, lakini msomaji anaona tulikofika: yawezekana kabisa kwamba wiki ile ya nne mwenzetu hakuwa hatari kwa mtu yeyote.

Je, alijitoa bure? Tumebishana na bado tunabishana. Katika uhandisi kuna ziada ya usalama. Boriti inayotakiwa kubeba tani mbili unaijenga ibebe nne, kwa sababu hujui kila kitu. Hakuna anayesema zile tani mbili za juu ni wizi. Lakini chuma cha ziada hulipwa na mwenye jengo, na mwenye jengo ndiye atakayelala salama ndani yake. Ziada ya mwenzetu aliilipa yeye na mama yake, na waliolala salama ni abiria ambao hawatajua kamwe. Sisi tunaona alifanya haki, kwa kuwa alipima kwa kilichojulikana siku ile, na asiyejua kiwango cha hatari hana ruhusa ya kuwakadiria wengine kiwango cha chini kwa sababu yeye ana haraka, hata haraka ikiwa ya mama. Wakati huohuo tunaona wanaoandika taratibu wana deni. Kila wiki ya ziada wanayoiandika kwa kalamu kuna mtu anaitoa kifuani mwake, na ushahidi ukiwepo wasiukalie.

Na wanaofunga mifuko wana deni kubwa zaidi. Marekani ilikuwa ndiyo nchi iliyotoa fedha nyingi kuliko zote kusaidia vita dhidi ya TB katika mataifa mengine. Januari 2025 misaada hiyo ilisimamishwa, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID, lililokuwa na makao yake hapa hapa mjini, likaacha kazi zake. Baadhi yetu tulikuwa na marafiki wakitoka pale na maboksi ya vitu vyao. Mgonjwa wa nyumbani aliyekuwa mwezi wa pili wa dawa, kifua kimeanza kuwa chepesi, hakuulizwa na mtu.

Mwongozo ule wa 2024 tulijiuliza sana kama tumwambie mwenzetu. Tulimwambia, mwaka jana, tukiwa kwenye gari lake. Siku hizi ana magari matatu na anapumua kama sisi, ila picha ya kifua bado ina kovu. Aliendesha kimya mpaka tukavuka Anacostia. Kisha akauliza ndege zile huwa na viti vingapi kwa safu. Tukamwambia, kumi katika zile kubwa. Akasema siku zote alikuwa akimfikiria mtoto fulani kwenye kiti cha jirani, hata nguo alikuwa amemvisha kichwani, na kwamba sasa angekuwa anamaliza shule. Akawasha taa ya kukata kona, akauliza kama tunamjua fundi wa matairi asiye mwizi.